Delestaji ikipita, faili la madeni linabaki tupu

"Yaya, salamu kutoka Lubumbashi. Shangazi yangu ana depo ya unga katika komini ya Kenya, na wateja wengi wanachukua magunia kwa mkopo, wanalipa mwisho wa mwezi. Nimejifunza Python peke yangu, nikamwandikia programu ya kushika madeni. Kila kitu kinaandikwa katika faili moja, madeni.json. Ordinateri, yaani kompyuta, ni ya mezani, ya Windows. Mara ya kwanza delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu, ilipotukuta, programu ilikataa kufunguka, ikasema 'Expecting value: line 1 column 1', na faili lilikuwa na KB 0. Tukaandika upya kutoka kwenye kaye, daftari la shangazi. Nikaiweka programu ihifadhi kila sekunde 5 badala ya jioni tu, na tukanunua stabilizateri. Wiki mbili baadaye ikatokea tena: faili linaonyesha KB 38, lakini ukilifungua ni nafasi tupu tupu. Nikaongeza try na except ili programu isikwame. Juzi umeme umekatika tena. Sasa programu inafunguka vizuri, ila orodha haina mteja hata mmoja, na faili lina alama mbili tu: []. Natumia 'with open', kwa hiyo faili linafungwa vizuri. Ni virusi? Diski imekufa? Shangazi anasema turudi kwenye kaye."

Mdogo wangu, pole, na umfikishie shangazi pole pia. Dalili ulizoeleza si za virusi, na peke yake hazitoshi kusema diski imekufa. Hasara zako tatu zina sababu tatu tofauti, na zote zimo katika mistari michache ya msimbo wako na katika namna Windows inavyopeleka maandishi kwenye diski. Ila kabla hujaendelea kusoma, funga hiyo programu. Maadamu iko wazi, inaandika kila sekunde 5 kwenye diski ambayo huenda bado ina mabaki ya orodha ya zamani. Hayo mabaki nitayarudia mbele.

Tuanze na KB 0. Unapoandika `open("madeni.json", "w")`, ile "w" haisemi tu "nataka kuandika". Inasema "futa kilichomo, halafu nitaandika". Ufutaji unafanyika hapohapo, kabla json.dump, amri inayoandika orodha kwenye faili, haijatoa hata herufi moja. Ni kama karani anayechana ukurasa wa jana kwenye kaye ya madeni, anautupa kwenye makaa, halafu ndipo anatafuta biki aandike ukurasa mpya. Akiitwa nje katikati, wa jana haupo na wa leo haupo. Python ikikuta faili la namna hiyo inasema ilitarajia thamani kwenye mstari wa 1, safu ya 1, haikuiona. Usihangaike kutafuta herufi uliyokosea. Ujumbe huo unasema tu kwamba mwanzoni kabisa hapasomeki.

KB 38 za nafasi tupu ni jambo jingine, ingawa ujumbe wa kosa unaweza kuwa uleule. Hapa ndipo imani yako juu ya "with open" inapokwama. Ni kweli, "with" inalifunga faili. Lakini kufunga maana yake ni kwamba Python imekabidhi maandishi kwa Windows. Kuyafikisha kwenye diski ni safari nyingine. Maandishi yako hukusanywa kwanza ndani ya Python yenyewe, katika matoleo mengi baiti 8192 kwa mara. Kisha Windows inayapokea na kuyaweka kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, inakujibu "tayari", na programu yako inaendelea na kazi. Baadaye, kwa wakati wake, Windows inayasukuma kwenye diski: kila sekunde kuna kazi ya nyuma inayopeleka sehemu tu ya kilichokuwa kinasubiri, si chote. Nayo diski ina RAM yake ndogo ambamo maandishi yanapumzika tena. Linux ni hivyohivyo, na kwa mipangilio yake ya kawaida inaweza kuyaacha yasubiri hadi sekunde 30 hivi. Si uvivu, bila utaratibu huo kila kitu kingekuwa kizito. Lakini RAM ikikosa umeme inasahau yote.

Basi KB 38 zimetoka wapi? NTFS, mfumo ambao Windows hupangia mafaili kwenye diski, una daftari lake la ndani linalolinda habari za faili: jina, ukubwa, mahali lilipo. Daftari hilo halilindi yaliyomo. Umeme ulipokatika, ukubwa ulikuwa umekwisha kuandikwa na nafasi imetengwa, ila maandishi yenyewe yalikuwa bado njiani. Stoo imeandika gunia la kilo 25, nafasi yake sakafuni imeachwa, lakini gunia liko bado kwenye kamyo. Windows haitaki kukuonyesha masalia ya faili jingine yaliyokuwa hapo, kwa hiyo inakupa sufuri, na Notepad inazichora kama nafasi tupu.

Sasa angalia dawa yako ya sekunde 5. Zamani ulikuwa unaliweka faili hatarini mara moja kwa siku, jioni. Sasa ni mara 720 kwa saa. Kwa siku ya kazi ya saa 10, ni mara 7,200 unafuta orodha nzima na kuiandika upya. Na kwa kuwa maandishi hukawia kwenye RAM kwa sekunde kadhaa kila mara, karibu hakuna dakika ambapo faili lako lote liko kwenye diski kwa uhakika. Kuhifadhi mara nyingi kunasaidia tu pale ambapo kila kuhifadhi ni salama. Kwako ilikuwa kinyume.

Hasara ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi, maana pengine ilikuwa na kinga. Msimbo wako, nadhani, unasema: jaribu kusoma madeni.json; ikishindikana, anza na orodha tupu. Halafu sekunde 5 zikapita, programu ikahifadhi hiyo orodha tupu juu ya faili. Baiti 2: []. Labda faili lilikuwa limekwisha kuharibika kwa umeme. Lakini except isiyotaja aina ya kosa inameza kila kitu: faili lililoshikwa kidogo na antivirusi, au ruhusa iliyokataliwa kwa muda. Katika hali hizo faili huwa zima kabisa, na msimbo wako ndio unaoliua. Programu ya fedha ikishindwa kusoma hesabu lazima ipige kelele na isimame.

Dawa ni kutogusa ukurasa wa zamani mpaka mpya uwe umekamilika na kufika kwenye diski. Mistari yenyewe ni hii:

```python
import json, os

def hifadhi(madeni, njia):
    mpya = njia + ".mpya"
    with open(mpya, "w", encoding="utf-8") as f:
        json.dump(madeni, f, ensure_ascii=False, indent=1)
        f.flush()
        os.fsync(f.fileno())
    os.replace(mpya, njia)
```

Unaandika kwenye faili la pembeni, madeni.json.mpya. `f.flush()` inatoa maandishi kutoka mifukoni mwa Python na kuyakabidhi Windows. `os.fsync` inaiambia Windows: yapeleke kwenye diski sasa, na usinirudie mpaka yafike. Halafu `os.replace` inabadilisha jina, la pembeni linachukua nafasi ya la zamani kwa tendo moja. Umeme ukikatika kabla ya mstari huo wa mwisho, madeni.json ya zamani iko palepale, nzima, na kando yake kuna .mpya iliyovunjika ambayo itafutwa na mzunguko unaofuata. Ukikatika baada yake, una mpya, au pengine ya zamani, lakini nzima.

Watu huteleza hapa kwa namna zilezile. Wengine wanaacha fsync kwa sababu "inafanya kazi bila hiyo". Inafanya kazi mpaka siku ya delestaji, na hapo unarudi kwenye KB 38 za sufuri. Wengine wanaweka faili la pembeni kwenye folda ya muda ya Windows au kwenye kile kifimbo cha USB: kubadilisha jina hakuwezi kuvuka kutoka diski moja kwenda nyingine, kwa hiyo .mpya ikae folda moja na faili lenyewe. Tumia os.replace, usitumie os.rename, maana kwenye Windows os.rename inakataa kama jina la mwisho lipo tayari. Na os.replace ikae nje ya "with", kama nilivyoiweka. Windows haikubali kubadilisha jina la faili ulilolishika bado. Ukipata PermissionError, mara nyingi ni programu nyingine imelishika: Excel, au antivirusi inayolikagua. Subiri nusu sekunde, jaribu tena mara tatu, kisha toa onyo. Siku ukihamia Linux, baada ya os.replace ifanyie fsync folda yenyewe pia.

Utaogopa kwamba fsync itaifanya programu kuwa nzito. Diski ya kuzunguka ya mizunguko 5400 kwa dakika inazunguka mara 90 kwa sekunde, yaani milisekunde 11 kwa mzunguko. Kwa faili la KB 38, fsync ni makumi machache ya milisekunde. Mteja hajamaliza hata kukunja faranga zake. Kwa hiyo ondoa ile saa ya sekunde 5, na ita `hifadhi` kila mara deni linapoandikwa au malipo yanapoingia. Tendo moja, kuhifadhi kumoja.

Kwenye kusoma, toa ile except inayoanza na orodha tupu. Amri ya kusoma, json.load, ikishindwa, programu iandike kwa herufi kubwa kwamba faili halisomeki, isifungue dirisha la kazi, na isiandike chochote. Na kila asubuhi, baada ya kusoma kufaulu, ndipo inakili madeni.json kwenye folda ya akiba kwa jina lenye tarehe, bila kufuta nakala za siku 30 zilizopita. Mpangilio huo ni muhimu: anayenakili kabla ya kusoma hubeba faili lililooza na kulilaza juu ya nakala nzima.

Ujaribu kabla ya kumkabidhi shangazi. Chukua nakala ya faili, weka `os._exit(1)` juu kidogo ya mstari wa os.replace, endesha, kisha angalia: madeni.json lazima iwe ya zamani, nzima. Fanya hivyohivyo na msimbo wako wa zamani, os._exit ikiwa mara tu baada ya open, utaona KB 0 kwa macho yako. Jua tu kwamba jaribio hili linaiga programu kufa, haliigi umeme kukatika, maana Windows inabaki hai na RAM yake. Kuchomoa waya kwenye mashine yenye hesabu za kweli ili "kuona" ni wazimu. Kama una mashine ya zamani isiyo na kitu, jaribia hiyo.

Hiyo ni dawa ya leo. Kwa mwaka ujao, wateja wakizidi, ningehamia SQLite, programu ndogo ya hifadhidata, na sioni sababu ya kuogopa: moduli ya sqlite3 imo tayari ndani ya Python, hakuna cha kusakinisha, na data yote ni faili moja. Richard Hipp aliianzisha mwaka 2000, na jambo hilihili la kukatika katikati ya kuandika ndilo inalolishughulikia. Kabla ya kubadilisha kurasa zake, inanakili zilivyokuwa kwenye faili la pembeni lenye mwisho wa -journal, inahakikisha nakala imefika kwenye diski, ndipo inabadilisha. Umeme ukirudi, ikiikuta nakala hiyo, inarudisha hali ya zamani yenyewe, bila kukuuliza. Kwa hiyo ukiona madeni.db-journal baada ya delestaji, usiifute kwa kudhani ni takataka! Hiyo ndiyo inayookoa hesabu. Usinakili pia faili la .db wakati programu iko wazi; tumia njia ya backup ya sqlite3, iliyopo tangu Python 3.7. Na kosa la wanaoanza: kusahau commit, amri inayothibitisha ulichoandika. Unaandika, unaona deni kwenye kioo, unafunga, kesho halipo, na hapo umeme hauna lawama.

Utakapokuwa unaandika upya, rekebisha na fedha. Lubumbashi mnauza kwa faranga na dola katika kikapu kimoja, na Python ukiiuliza 0.1 + 0.2 itakujibu 0.30000000000000004. Hifadhi dola kwa senti, namba nzima, na faranga kama zilivyo. Kila deni libebe sarafu yake na kiwango cha siku ile. Usibadilishe madeni ya zamani kwa kiwango cha leo, utagombana na wateja.

Turudi kwenye umeme. Stabilizateri haina betri ndani. Kazi yake ni kusawazisha volti zinapopanda na kushuka, na kwa hilo inaisaidia sana mashine yako, lakini umeme ukienda nayo inaenda. Mlichohitaji ni onduleri, kisanduku chenye betri kinachoishikilia mashine dakika chache. Ya VA 650 yenye betri ya volti 12 na ampea-saa 7, kwa ordinateri ya mezani na kioo chake, inaweza kukupa dakika 10 hivi betri ikiwa mpya. Hizo ni dakika za kufunga vizuri. Si za kuendelea kuuza. Betri hizo huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano, na joto huziwahisha. Usiunganishe printa ya leza kwenye onduleri. Kipashio chake kinavuta umeme mwingi kwa ghafla. Ukiniuliza mimi, kama fedha ni chache, afadhali laptopu iliyotumika yenye betri inayoshika hata nusu saa: ni mashine na onduleri kwa pamoja, na programu yako ni nyepesi. Lakini hata ukiwa na onduleri, usiache kubadilisha msimbo. Betri itachoka siku moja bila kukuaga.

Kuna na kitu kidogo: mashine ikiwaka na tarehe imerudi miaka ya nyuma, betri ya sarafu kwenye ubao mkuu imekwisha. Ni CR2032, volti 3. Ibadilishe haraka, maana madeni yote yataandikwa kwa tarehe ya uongo.

Mabaki sasa. Kwanza tafuta nje ya mashine: je, uliwahi kujitumia madeni.json kwa WhatsApp, au kuinakili kwenye kifimbo? Nakala ya wiki mbili zilizopita ni bora kuliko [] ya leo. Kama hakuna, na diski ni ya kuzunguka, itoe au iunganishe kwenye mashine nyingine, uipitishe PhotoRec, programu ya kufufua mafaili yaliyofutwa, na matokeo yaende diski tofauti, kamwe si ileile. Kisha tafuta jina la mteja ndani ya mafaili ya maandishi yaliyopatikana. Kama ni SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka, matumaini ni madogo, kwa sababu huwa inafuta yenyewe nafasi zilizoachwa.

Wakati gani umwite fundi? Diski ikitoa mlio wa kugonga, au Windows ikikwama dakika nzima kila unapofungua folda, zima na uipeleke, usijaribu tena nyumbani. Vilevile kama kuna harufu ya kuungua nyuma ya mashine, au inajizima hata umeme ukiwapo. Hapo ni kisanduku cha umeme cha ndani. Na kama ukigusa kasha la chuma unasikia ganzi vidoleni, depo haina waya wa ardhi unaofanya kazi. Hilo ni la fundi umeme, si la mwandishi wa programu, na lisisubiri.

Shangazi naye ana haki kwa sehemu. Kwa mwezi wa kwanza aendelee na kaye yake, na kila jioni mlinganishe jumla mbili. Zikitofautiana hata kwa faranga moja, mtafute mstari uliokosekana jioni ileile, kabla magunia ya kesho hayajaanza kutoka.